Mwarobaini, Mkindu na Waya wa Hema

Kila mwaka tunapofika kwenye somo la shina huwatuma wanafunzi wangu nyuma ya shule wakaniletee vitu viwili: bua changa la mahindi na shina la kishona nguo, lile gugu ambalo mbegu zake hung'ang'ania sketi na soksi. Hawaendi mbali. Shule yetu iko pembeni mwa Kisumu, ambako kila kiwanja kisichojengwa nyumba kimepandwa mahindi, na kila kisichopandwa mahindi kimeota kishona nguo.

Nyembe nagawa mwenyewe na kukusanya mwenyewe, maana nimeshafunga vidole vilivyokatwa vya kutosha. Tunakata vipande vyembamba sana vya shina, tunavitia kwenye wino mwekundu kwa sababu rangi ya maabara iliisha zamani na hakuna aliyeuliza, kisha tunavitazama kwa hadubini. Tuna hadubini moja inayoona vizuri na nyingine inayotaka kubembelezwa. Hapo ndipo hasira hunipanda. Mwanafunzi anachungulia, ananyanyua kichwa, halafu anachora picha iliyo kitabuni.

"Hicho ndicho umeona?"

"Ndiyo, Madam."

"Rudi uangalie."

Nimesema "rudi uangalie" hadi likawa jina langu. Wakidhani sisikii, huambiana kwamba Rudi Uangalie anakuja, na wote hukaa vizuri. Silikatai jina hilo.

Anayeangalia kweli huona jambo rahisi. Katika bua la mahindi mishipa imetawanyika kote, hadi katikati kabisa. Katika kishona nguo imejipanga kwa duara moja karibu na ganda. Kila fungu la mishipa lina pande mbili: upande wa ndani mirija inayopandisha maji kutoka mizizini, upande wa nje mirija inayoteremsha chakula kilichopikwa na majani. Kati ya pande hizo, kwenye kishona nguo lakini si kwenye mahindi, upo utando mwembamba wa seli zisizochoka kugawanyika. Unaitwa kambiamu. Huo ndio unaonenepesha shina, ndani ukiongeza mbao na nje ukiongeza ganda. Mwembe unao, mparachichi unao, mwarobaini unao. Mahindi hayana, wala miwa, wala mafunjo ya ziwani, wala migomba, wala jamii nzima ya minazi na mikindu. Mkindu hupata unene wake ungali mdogo, kisha unapanda juu tu na unene unabaki ule ule.

Nilifundisha hayo miaka mingi bila kuyahitaji nje ya darasa. Nilikuja kuyahitaji nyumbani kwa mama yangu, na yalinikosesha kitu nilichokuwa nakitaka sana.

Mama anaishi upande wa Ahero, kwenye tambarare ya Kano, katika boma ambalo yeye na baba walilifungua wakiwa vijana. Baba alipofariki, mama alibaki peke yake. Mimi ni mtoto wake wa pekee, na nina nyumba Nyamasaria, huku Kisumu, yenye chumba ambacho hakilali mtu. Kila mara mto ulipofurika nilimpigia simu kumsihi aje tukae pamoja. Mara nyingine nilimsihi kwa upole, mara nyingine kwa ukali ule wa darasani, na jibu lilikuwa moja.

"Nyathina," ndivyo aniitavyo kwa Kijaluo, mwanangu, "maji inakuja na inaenda. Mimi niende wapi?"

Sasa mwaka juzi, jioni moja nikisahihisha daftari, akapiga yeye. Hakunisalimia.

"Niandalie pa kulala. Nakuja nikae."

Nilifurahi hata nikasahau kuuliza sababu. Nilikwenda soko la Kibuye kununua mapazia ya mtumba na blanketi zito, na njiani nikajikuta naimba. Ilikuwa siku iliyofuata, nilipompigia kumuuliza anapenda kitanda kiwe upande gani, ndipo aliponiambia kwamba mwarobaini wa baba unakauka, na kwamba unakauka kwa sababu yake.

Kwetu kupanda mbegu kuna zamu yake. Nyumba ya mkubwa hutangulia, na wadogo hufuata. Baba alikuwa mdogo. Kaka yake, ambaye namwita Baba Mkubwa, boma lake linapakana na letu, na mama alipaswa kumsubiri. Mwaka ule mvua iliwahi na Baba Mkubwa alikuwa kitandani kwa maumivu ya mgongo. Mama akaona udongo mweusi wa Kano umelainika, na anaujua udongo huo: ukiloa kupita kiasi jembe halitoki. Akapanda mahindi yake. Anayeruka zamu husemekana amejiletea chira, laana ambayo haiui kwa kishindo bali hukausha polepole, iwe mifugo, iwe watoto, iwe mwili. Mama ni mtu wa kanisa, tena wa kiti cha mbele. Alicheka na kuendelea kupalilia.

Wiki chache baadaye mwarobaini ukaanza kupukutisha majani. Mti huo baba aliupanda mbele ya nyumba walipofungua boma. Ulikuwa mti wa majirani wote. Watu walikuja na mifuko kuchuma majani ya kuchemshia wagonjwa, na mama aliwakaribisha na kuwauliza habari za mgonjwa, hivyo hakuna lililotokea Kano asilijue. Tena mwarobaini si mti wa kufa ovyo. Mbuzi hawautaki, mchwa hawautaki, kiangazi hakiuwezi. Kwa hiyo ulipoanza kukauka watu walitafuta sababu. Baba Mkubwa, akiwa kwenye kikao cha ukoo, alisema neno moja tu: "Mti ya ndugu yangu haiwezi kufa bure." Mengine watu walijisemea wenyewe. Waliokuwa wakija kuchuma majani wakaacha kuja. Mwishowe mama, ambaye alikuwa amecheka, aliacha kucheka.

Jumamosi nikaenda kumchukua. Nilimkuta ameshafunga mizigo. Godoro lilikuwa limekunjwa na kufungwa kamba barazani, sufuria zimo ndani ya leso, kuku ameshawagawa. Mahindi yake yalikuwa yamesongwa na magugu, jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu nizaliwe. Aliniambia aliogopa kuyagusa.

Niliutazama mwarobaini. Upande mmoja matawi yalikuwa matupu, upande wa pili majani yalikuwa madogo na ya manjano. Juu kidogo ya kimo cha mtu, shina lilikuwa limevimba kuzunguka pande zote, mfano wa shingo yenye rovu, na chini ya uvimbe lilikuwa jembamba kuliko juu.

"Unaona?" mama alisema akiwa mbali. "Hiyo imevimba ndiyo yenyewe. Chira."

Nilimwambia mambo ya chira tutayaongea tukifika Nyamasaria. Ukweli ni kwamba nilitaka tuondoke upesi kabla hajabadili nia. Akaniomba nianue nguo zake tufunge mzigo wa mwisho.

Kamba ya nguo ilitoka pembe ya jiko hadi kwenye mkindu uliosimama mkabala na mwarobaini, ng'ambo ya ua. Nilipofika mwisho wa kamba niliona imefungwa kwenye waya uliouzunguka mkindu. Ulikuwa waya mzito, wa aina ya kufungia ua wa ng'ombe, mizunguko kadhaa iliyosokotwa kwa koleo. Ulikuwa umelegea kiasi kwamba niliingiza vidole kati yake na shina. Nikasimama na nguo begani, kwa sababu waya ule nilikuwa naujua.

Siku ya mazishi ya baba mvua ilitishia, na hema kubwa lilikuwa halina nguzo za kutosha. Baba Mkubwa ndiye aliyepanda juu ya pipa, akazungusha waya kwenye mkindu, kisha akavuka na kuzungusha mwingine kwenye mwarobaini, akakaza kwa koleo huku machozi yakimtiririka na hataki kusaidiwa. Hema likakaa. Baada ya mazishi watu walipoanza kufungua, alisema waya uachwe mahali pake, maana kumbukumbu ya baba ingefanywa mwaka ukigeuka na hema lingerudi pale pale. Mwaka uligeuka, mto ukafurika. Mwaka mwingine Baba Mkubwa akaugua. Baadaye ikawa tunasubiri ndugu wa mbali wapate likizo kwa pamoja. Kumbukumbu haijafanywa hadi leo. Jirani mmoja aliwahi kumwomba mama waya ule akazibie ua wake, na mama alimkaripia vibaya sana. Kuufungua ilikuwa ni kusema kwamba baba amesahauliwa.

Basi, waya ulikuwa mkinduni. Kwenye mwarobaini haukuonekana.

Nikavuta meza ya jikoni hadi chini ya mwarobaini, nikapanda, nikapapasa chini ya uvimbe. Palikuwa na mfereji mwembamba, ganda la juu na la chini limekutana juu yake. Nikakwangua kwa kisu cha mboga. Kisu kikagonga chuma.

Nilielewa palepale. Mti haukukabwa siku ile ya hema. Ulijikaba wenyewe kwa kunenepa, mwaka baada ya mwaka, ukiusukuma waya usiosogea, hadi mirija ya chakula iliyo kwenye ganda ikabanwa pande zote. Chakula cha majani kikafika hapo na kukwama. Huo ndio uliokuwa uvimbe. Mizizi ikakaa na njaa, na mizizi yenye njaa haipandishi maji.

Mama alikuwa ndani akipanga vyombo. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameona. Nikafikiri: nikinyamaza, leo usiku mama analala Nyamasaria. Sijamdanganya, chira sikuisema mimi. Nimemwomba miaka yote hii, na sasa mizigo iko barazani. Sikulifikiria hilo kwa kupitia tu. Nilikaa nalo juu ya meza ile, kisu mkononi, na lilikuwa tamu.

Mama akatoka na ndoo kwenda kumwaga maji. Njia fupi ilipita chini ya mwarobaini. Akauzunguka mti kwa mbali, kwa hatua za kunyata, macho chini, kama apitaye penye mbwa mkali. Mwanamke aliyekuwa akipita hapo akiimba! Nilikasirika, sikujua nimkasirikie nani. Nikajua kwamba nikimchukua hivi atanyata hivyo hivyo ndani ya nyumba yangu, na mimi ndiye nitakayekuwa nikimtazama.

"Mama," nikamwita, "rudi uangalie."

Hakutaka. Ilibidi nishuke na kumshika mkono. Alisikia kisu kikigonga waya, lakini akasema waya ni waya tu, mbona mkindu una waya na haujafa? Lilikuwa swali zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa darasani.

Nikakata kijitawi cha upande uliokuwa bado hai, nikang'oa bua moja la mahindi yake, nikamwekea vyote mapajani. Nikamwambia abandue ganda la kijitawi. Likatoka refu, na chini yake pakawa na utelezi.

"Hii naijua," alisema. "Ganda ya mwarobaini inatoka vizuri, kama mti haijakauka. Nimeibandua ya dawa miaka ngapi?"

"Sasa bandua la mahindi."

"Mahindi haina ganda ya kubandua."

"Na mkindu?"

"Mkindu pia." Akaligeuza bua mapajani. "Hiyo ukitaka kamba unachana majani."

Nikamwonyesha utelezi ule, nikamwambia hapo ndipo mti unaponenepea, na kwenye ganda lenyewe ndipo chakula kinaposhukia. Mwarobaini umeanika chakula chake chote nje, ukiufunga waya umeufunga koo. Mkindu haunenepi, kwa hiyo waya unabaki ulivyoachwa. Hata ungebana, mishipa yake imetawanyika hadi ndani, waya usingeifikia. Nikalikata bua na kumwonyesha vitone vya mishipa vilivyotawanyika.

Aliangalia sana. Kisha akauliza.

"Hii shida ilianza lini?"

"Hema ilipofungwa."

"Kabla nipande mahindi?"

"Kabla sana, mama. Miaka."

Akaketi juu ya godoro lililokunjwa na kulia kwa sauti, mama yangu ambaye hakulia hivyo hata tulipomzika baba. Nikamshika bega. Alipomaliza alijifuta uso kwa leso, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ninayoifahamu.

"Mwite."

Baba Mkubwa alikuja akiegemea fimbo, mgongo ukiwa bado unamsumbua. Hata hivyo alikataa kusimuliwa, akapanda juu ya meza mwenyewe huku nikimshikilia miguu. Alipapasa kwa kidole, kisha kwa kisu.

"Waya hii ni mimi nilifunga," alisema.

"Ni wewe, Mzee," mama alijibu.

"Sasa mnasema ni mimi niliua mti ya ndugu yangu."

Mimi nilikuwa tayari kusema ndiyo. Nilikuwa na hotuba nzima mdomoni, na ningeitoa bila huruma. Mama akaniwahi.

"Hakuna mtu anasema hivyo. Ulifunga ukilia, mimi niliona. Lakini ulisema mti haifi bure, na watu wakanimaliza. Sasa useme na hii ingine. Useme mahali watu wako."

Baba Mkubwa alishuka taratibu. Aliniangalia, akaangalia mizigo barazani, na nadhani ni hapo tu alipotambua kwamba mama alikuwa akihama. Uso wake ulibadilika.

"Nitasema," alisema. Kisha akaomba koleo.

Waya ulitoka vipande vipande, na vingine havikutoka kabisa, vimemezwa na mbao. Mahali ulipokuwa, mti ulikuwa mweusi na mkavu pande zote. Niliwaambia ukweli, kwamba huenda tumechelewa na mizizi imekaa na njaa muda mrefu. Baba Mkubwa alikuwa akipangusa kutu kwenye viganja vyake.

Nilipogeuka, mama alikuwa akifungua leso ya sufuria.

"Mama, si tunaenda?"

"Tunaenda wapi?"

Nilirudi Nyamasaria peke yangu. Nitasema wazi kwamba nililia, na kwamba sikulia kwa furaha. Nilikuwa nimemrudishia mama boma lake kwa mikono yangu, na kile chumba kilikuwa na mapazia mapya. Jumatatu nilimfokea mwanafunzi aliyechora vizuri kabisa, nikalazimika kumwomba radhi.

Baba Mkubwa alitimiza ahadi. Alisimama kanisani baada ya matangazo, akasema kwa sauti ya kukwaruza kwamba mti wa ndugu yake umeharibiwa na waya wa hema, na waya aliufunga yeye, na mtu asimuulize mama chochote. Akaketi. Naambiwa haikuzidi hapo, na kwamba ilitosha.

Mwarobaini ulikufa hata hivyo. Kiangazi kilipofika hapakubaki jani. Niliposikia nilishikwa na hofu kwamba yale maneno yataanza upya, nikapiga simu. Mama alikuwa ameshaita wenye misumeno. Alisema kuni zake zinatoa moshi mchungu lakini zinawaka vizuri, na kwamba waliokuja kuuliza aliwapeleka kwenye gogo wakajionee waya.

Nikaona hapo pana nafasi. Nikamwambia, kwa upole wote nilio nao, kwamba mti haupo tena, kivuli hakipo, mvua zinakuja, chumba bado kipo. Aje.

"Nyathina," alisema, "nilitaka kuja kwa sababu nilikuwa naogopa. Sasa siogopi. Wewe ulitaka nikuje nikiwa naogopa?"

Ningeweza kusema hapana. Lakini nilikuwa nimechoka kuwa mwalimu.

"Ndiyo," nilimwambia. "Nilitaka tu uje."

Nikasikia moto ukilialia upande wake. Kisha akasema amenisikia, na kwamba haji.